Mpini wa Pembe wa Bwana Shekuwe

Zama zile mji wa Shingwani ulipokuwa ungali na ukuta wake wa mawe, lango lake lililindwa na jemadari Bwana Shekuwe, mtu mwenye ndevu nyingi na kiburi kilichozizidi ndevu. Alikuwa amepata bastola kwa nahodha mgeni. Lakini ada ya Shingwani ilimkataza muungwana kushika silaha yenye mpini wa kigeni, basi akaamuru kitako kilichopinda king'olewe, kitiwe mpini wa upanga wa babu yake: pembe na fedha, umenyooka sawasawa na mtutu.

Fundi Badi, mchonga mipini, alimsihi. "Bwana wangu, fumba macho, uelekeze bastola kwenye lango lile. Haya, fumbua."

Akafumbua. Mtutu ulikuwa ukitazama mawingu.

"Ngumi ikishika kitu kilichonyooka, ncha hupanda," fundi alisema. "Kitako kikipinda, mtutu huenda kinakoelekea kidole."

"Nitainamisha kifundo cha mkono."

"Siku ya shari, Bwana, nani atakumbuka kifundo?"

Ijumaa, mbele ya umati, Bwana Shekuwe alililenga dafu lililowekwa juu ya kigingi. Dafu lilisalimika, risasi ilitoboa dari ya kadhi, aliyekuwa akila. Wazee wakakata shauri: adui yao Fumo Kae wa Magogoni anakuja kuuvamia mji Jumatatu na watu mia tatu, na jemadari akikosea tena, kilemba atavikwa shemeji yake. Shemeji naye alianza siku ile ile kutembea akikohoa kijemadari.

Bwana Shekuwe alimwendea fundi kwa mlango wa uani, kajitanda shuka. "Nisitiri, Badi."

Badi alimpa bonge la udongo mbichi. "Finya, kama unayemwonyesha mtu njia." Kisha akaichonga alama ile katika mti. Ukatoka mpini wenye kibyongo na manundu.

"Huu ni mhogo!" jemadari alilia.

"Mhogo unaolenga, Bwana."

Jumatatu lango lilivunjwa. Katikati ya moshi akazuka Fumo Kae, upanga juu, hatua nne tu. Hapakuwa na wasaa wa kulenga. Bwana Shekuwe, na hili alimwambia mkewe peke yake, alifumba macho akanyoosha mkono. Bastola ikalia. Alipofumbua, Fumo Kae alikuwa ameketi chini ameshika bega, na watu wake wanamburura kurudi walikotoka.

Malenga walipokuja kuiona silaha, mpini wa pembe ulikuwa umekwisha kurudishwa. Ada ni ada. Badi alipewa mbuzi ili anyamaze, na mimi namwonea uchungu fundi yule hata leo.

Utenzi uliusifu mpini wa pembe beti tisini. Kila muungwana akautaka wa kwake, ulionyooka vile vile, na Badi akachonga kimya, maana mbuzi alikwisha liwa.

Miaka ishirini baadaye Magogoni walirudi. Waungwana arobaini walisimama langoni na bastola arobaini, wakafyatua kwa pamoja. Walikufa kunguru kumi na wawili, na mji ukatekwa kabla ya adhuhuri.