Karatasi Imejaa, Bibi Amelala

Maneno yale Violeth aliyasikia mashineni, alipopeleka mahindi kusagwa pale Kamachumu, na hayakumtoka kichwani mpaka akamsimulia mama yake. Ati hospitalini mjini Bukoba kuna wanafunzi wanaojifunzia kwa wazee. Wanawainua kwa nguvu, na mzee Lwakatare waliyemwinua Jumatatu, Jumatano alizikwa!

Sasa bibi yake, Kokwijuka, alikuwa amelazwa hospitali hiyohiyo. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wa kushoto. Kila asubuhi ya likizo Violeth alimenya ndizi na kuzipika nyumbani kwa mama mdogo pale mjini, kisha yeye na mama yake, Adventina, wakazipeleka wodini zikiwa za moto.

Kila asubuhi alikuja pia Datius, kijana aliyekuwa kwenye mafunzo ya mwanzo ya tiba ya viungo. Siku ya kwanza aliwaeleza kuwa daktari ameruhusu Bibi aanze kukaa, akawaonyesha namna ya kumgeuza Bibi kila baada ya saa mbili na kumkalisha ukingoni mwa kitanda.

Alipoondoka tu, Mama alifoka. "Mgonjwa ni wa kupumzika! Hawatajifunzia kwa mama yangu. Akirudi, mwambie tumeshamkalisha."

Basi kesho yake Datius akauliza, "Bibi amekaa leo?"

"Amekaa mara tatu," Violeth akajibu, macho kwenye bakuli la ndizi.

"Safi sana, mdogo wangu." Akaandika kwenye karatasi yake, akaenda kitanda kingine. Ikawa hivyo siku tatu.

Siku iliyofuata alikuja mkufunzi wake, Bi. Felicitas. Huyu hakuuliza. Alifunua shuka, akamgeuza Bibi polepole. Ngozi ya makalio ilikuwa nyekundu, karibu kuchubuka. Kisigino kilikuwa na lengelenge.

"Datius! Karatasi yako imejaa, mgonjwa amelala! Ulimwona akikaa?"

"Niliambiwa, mwalimu."

"Nimewafundisha nini siku ya kwanza? Uliza, halafu tazama. Kesho usiingie wodi hii."

Violeth alimwona Datius akiinamisha kichwa. Akashindwa kuvumilia. "Ni mimi niliyemdanganya, mwalimu. Hatujamkalisha hata mara moja."

"Nyamaza wewe!" Mama alisimama. "Mnataka kumuua kama mlivyomuua Lwakatare!"

"Lwakatare?" Ilikuwa sauti ya Bibi, nzito, mdomo umeenda upande. "Lwakatare nilikwenda kumwona. Alilala kwake miezi miwili, mgongo ukaoza, wanawe wanaogopa kumgusa. Alifika hospitali ameshakwisha." Akapumzika, akavuta pumzi. "Na ninyi mnanizika ninapumua? Nani ameniuliza mimi?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Datius akachuchumaa kando ya kitanda. "Bibi, unataka kurudia kazi gani kwanza?"

"Kumenya ebitoke. Huyu mjukuu anamenya vibaya, nusu ya ndizi inabaki kwenye ganda."

Hata Bi. Felicitas alicheka. Siku hiyo walimkalisha, miguu sakafuni, Datius akimshikilia. Kesho yake Datius alikuwepo, maana mkufunzi alimsamehe, ila karatasi aliiweka mfukoni mpaka aone kwa macho. Ile ngozi nyekundu haikufunguka kuwa kidonda. Wiki kadhaa baadaye, Kamachumu, Bibi alikaa kwenye mkeka, mkono wa kushoto umelalia ndizi ili isiteleze, wa kulia umeshika kisu.

Mama hakungoja kuulizwa. Alikwenda mashineni akasema mbele ya watu wote, "Uvumi ule ni uongo! Niliuamini, nikamfundisha mwanangu kudanganya, nusura nimzike mama yangu." Aliporudi alimketisha Violeth. "Mwanangu, hata mimi nikikutuma uongo, kataa. Chukua daftari uandike."

Usimlaze mgonjwa wa kiharusi upande mmoja kutwa.
Usimvute kwa mkono uliolegea.
Usimlishe akiwa amelala chali.
Usimwinue kabla ya kuonyeshwa namna.
Usimwambie mhudumu jambo ambalo halijafanyika.
Usipeleke mbele habari ya mashineni.
Usimsahau mgonjwa mwenyewe. Muulize.