Tangi Lililonuka Bahari

Ilianza na harufu ya mwani. Mwani, Nkoaranga, miteremkoni mwa Meru! Huku mtu akinusa sana, atanusa kahawa na mavi ya ng'ombe, lakini asubuhi hiyo Nashipae alifungua mlango wa maabara akapigwa na bahari puani.

"Sefu, umepika pweza humu?"

"Dada, usinitanie," msaidizi wake alinong'ona. "Njoo uone panya."

Panya wote walikuwa wamekufa ndani ya tangi la chuma, mapafu yamejaa maji ya chumvi. Na pampu ilikuwa haijawashwa! Kazi ya tangi lile ilikuwa kupunguza hewa, panya wapumue kama wako kileleni mwa mlima, ijulikane ni dawa gani inazuia mapafu yasijae maji. Nashipae aliifanya kazi hiyo kwa hasira. Kaka yake Yiamat, mpagazi wa watalii, alikufa hivyo hivyo mlimani, mapafu yamejaa maji, akiomba ashushwe, na hakushushwa mpaka mgeni alipomaliza kupiga picha.

Tangi lilikuwa mtumba, kubwa la kumtosha mtu, limenunuliwa Tanga kwa wapiga mbizi. Hakuna aliyeuliza kwa nini wenyewe walikuwa na haraka ya kuliondoa. Panya wengine wakaletwa, nao wakafa. Mkuu wa maabara akasema wakifa tena, utafiti unafungwa.

Mchana wa siku ya onyo hilo, ukungu uliposhuka, tangi tupu likaanza kupumua. Pumzi moja nzito, yenye majimaji, kisha nyingine, kisha alama za viganja vya vidole virefu mno zikajichora kwenye kioo cha mlango wake kutoka ndani, na sauti ikatoka humo taratibu, kwa Kiswahili laini cha pwani, kama bibi anayembembeleza mjukuu, ikisema panya hawashibishi, inataka mapafu makubwa, ikimwita Sefu kwa jina la babu yake.

Sefu akakohoa. Maji yakamtoka puani.

"Dada... tumwite shehe..."

"Shehe yuko mjini, na wewe unazama sasa hivi!" Nashipae akaligonga tangi kwa ngumi. "We mwanaharamu! Mwachie huyo. Mapafu haya hapa!"

Akaingia, akajifungia. Sefu akapata pumzi, akaanza kulia.

"Punguza hewa! Nipandishe kileleni!"

"Utakufa, dada!"

"Mimi nimezaliwa mlimani. Huyu kazaliwa wapi? Washa!"

Pampu ikanguruma, hewa ikapungua, na kitu baridi, kizito, kikamkalia Nashipae kifuani, kikamwaga maji kooni mwake kidogo kidogo, naye akawa anameza na kutema, anameza na kutema, masikio yakipiga kelele na macho yakiingia giza, mpaka akasikia pembeni yake mtu anatapika.

"Kichwa changu," sauti ile ya pwani ililalamika. "Nishushe, mwanangu."

"Yiamat naye aliomba hivyo." Akagonga kioo. "Sefu, nipandishe zaidi!"

Kilio kilichofuata Sefu hataki kukisimulia hadi leo. Alipofungua mlango, Nashipae alikuwa hai, tangi kavu, na harufu imekwisha. Panya walioletwa baadaye waliishi, na utafiti ukaendelea.

Lakini jioni ile ile, akinawa uso nyumbani, Nashipae alikohoa. Kiganjani kukabaki mchanga mweupe wa baharini. Ndani ya kifua chake, kitu kikajigeuza kama mtu anayetafuta ubavu wa kulalia.

Aliogopa, ndiyo. Kisha akautazama mlima Meru, akavuta viatu vya Yiamat vya kupandia mlima kutoka chini ya kitanda, akaanza kuvifunga kamba.

"Umenifuata? Haya," alisema. "Safari hii tunapanda kwa miguu."