Shahidi wa Mwisho wa Nyumba ya Saumu

Kila asubuhi Saumu alichemsha kahawa na kutoa vikombe viwili. Kimoja chake, kimoja cha Asia, jirani wa ukuta kwa ukuta. Asia alifariki mwezi wa Rajabu, lakini mkono wa Saumu ulikuwa bado haujapata habari. Ulikwenda wenyewe kabatini na kutoa vikombe viwili. Akishtuka, alikirudisha kimoja, akanywa kahawa yake barazani peke yake. Upweke ulimuuma, na hakuwa na wa kumwambia.

Mumewe alikufa zamani, wakiwa bado wapangaji. Binti yake, Ikram, aliolewa Mwanza. Nyumba hii ya vyumba vinne, hapa Ujiji, Saumu aliinunua mwenyewe kwa biashara ya dagaa. Aliinunua kwa Mzee Mwinshehe, ambaye alikuwa anahamia Bangwe.

Watu wa Ujiji tuna adabu zetu, na nyingine zinatuponza. Siku ya mauziano majirani waliitwa, pilau ikapikwa. Mwinshehe akamkabidhi Saumu ufunguo na hati ya kiwanja mbele ya watu. Ikasomwa fatiha, mikono ikapita usoni, mambo yakaisha. Baada ya hapo, kumrudia muuzaji na kumwambia “tuandikiane” ni kumtukana. Ni kama kusema dua ile hukuiamini. Muuzaji naye hakanyagi tena nyumba aliyoiuza, watu wasije wakasema anaijutia. Basi Saumu na Mwinshehe wakawa wanaonana kwa mbali tu, misibani.

Saumu aliifunga hati katika kitambaa na kuitia sandukuni. Aliamini kwamba mwenye kushika karatasi ndiye mwenye nyumba. Kodi ya kiwanja alilipa kila mwaka bila kukosa.

Kisha vita vikawaka ng'ambo ya ziwa. Boti zilileta wakimbizi, na mashirika ya kuwahudumia yakaja na magari yao meupe. Mashirika yalihitaji nyumba za kupanga, na bei ya nyumba ikapanda Kigoma yote. Siku moja Athumani, mtoto wa Mzee Mwinshehe, alisimama mbele ya nyumba ya Saumu. Aliitazama kuanzia paa hadi msingi. Akauliza ina vyumba vingapi, akaaga, akaenda zake. Swali lile lilimkaa Saumu moyoni kama mwiba wa samaki.

Wiki hiyohiyo alikwenda Kibirizi kununua dagaa. Pale ufukweni alimkuta mama mmoja mkimbizi, Melania, akisubiri lori la kwenda kambini. Saumu alimpa maji ya kunywa, wakaanza kuzungumza. Melania alisema ana nyumba Uvira, lakini watu wengine wameshaingia. Saumu akamwuliza kama hakuna wanaojua kwamba nyumba ile ni yake.

“Mtaa yote ilikuwa inajua, mama,” Melania akajibu. “Sasa mtaa yote imetawanyika. Nani atanisemea?”

Saumu alirudi nyumbani bila kununua dagaa. Njia nzima aliwakumbuka watu waliokula pilau siku ile. Wote walikuwa wamekwisha kufa. Asia ndiye aliyekuwa wa mwisho. Hakuna aliyebaki wa kusema kwamba nyumba ni ya Saumu. Aliogopa sana.

Kesho yake alichukua kitambaa chake, akaenda Kigoma mjini, ofisi ya ardhi. Karani pale aliitwa Dismasi. Alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akaifungua hati polepole.

“Hii hati ina jina la Mwinshehe, bibi. Ni mumeo?”

“Aliniuzia nyumba.”

“Basi tufanye upekuzi.”

Saumu hakulijua neno hilo. Dismasi akamweleza kwamba kila kiwanja kilichopimwa kina jalada lake. Upekuzi ni kulifungua jalada na kutazama jina la mwenye kiwanja. Hapo huonekana pia kama kimewekwa rehani, au kama kuna mtu mwingine anayekidai. Mtu yeyote anaweza kuomba upekuzi, akalipa ada na kupewa stakabadhi. Na wakati mzuri wa kuuomba ni kabla ya kununua.

Dismasi alikwenda chumba cha ndani, akarudi na jalada lenye vumbi.

“Halina rehani wala mgogoro,” alisema. “Lakini jina ni la Mwinshehe. Hata kodi uliyokuwa unalipa, stakabadhi zote zina jina lake. Umekuwa ukimlipia yeye.”

Saumu alicheka kidogo, halafu machozi yakamlengalenga. Alisema hati anayo yeye, tena ameitunza vizuri, haijaliwa hata na mende.

“Kushika hati si kuwa na jina ndani yake, bibi. Huyo mzee yuko hai?”

“Yuko hai. Nasikia anaumwa.”

Dismasi akaiweka kalamu chini. Alimweleza kwamba muuzaji akiwa hai kazi ni nyepesi. Wataandika mkataba wa mauziano. Watatia sahihi hati ya uhamisho mbele ya hakimu au wakili, kila mmoja na picha yake. Wataomba kibali cha uhamisho hapa ofisini na kulipa kodi na ada zinazotakiwa. Halafu karatasi zitakwenda kwa Msajili wa Hati, na jina la Saumu litaandikwa. Lakini mzee akifa kabla ya kutia sahihi, nyumba itahesabiwa katika mirathi yake. Hapo Saumu atalazimika kwenda mahakamani na kuwathibitishia warithi kwamba alinunua.

“Nitathibitisha kwa ushahidi wa nani? Mashahidi wangu wote wako makaburini.”

“Ndiyo maana nakuambia uwahi.”

“Nitamwambiaje mtu mzima yule tuandikiane? Tulisoma fatiha.”

“Kuandikiana si kutukanana, bibi,” Dismasi alisema. “Dua ni ya Mungu. Jalada ni la sisi tunaosahau na kufa.”

Saumu alikwenda Bangwe siku hiyohiyo. Mlangoni alimkuta Athumani, naye akasema baba ni mgonjwa na hapokei wageni. Saumu alikuwa amekwisha geuka kuondoka aliposikia sauti dhaifu kutoka ndani ikiuliza ni nani.

“Ni Saumu wa Ujiji. Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Ingia, mama.”

Mzee Mwinshehe alikuwa amekonda, amelala upande, anatazama ukuta. Saumu alikaa kwenye mkeka. Alieleza shida yake yote huku ameinamisha kichwa kwa aibu. Alipomaliza, mzee aligeuka kutoka ukutani, akamtazama.

“Miaka yote hii hukuja kunijulia hali,” mzee akasema. “Nilidhani nimekukosea.”

“Niliona haya, Mzee. Na wewe pia hukuja.”

“Ningekuja, watu wangesema naijutia nyumba. Siijutii. Ninachokikosa ni kukaa kwenye baraza yake.”

Athumani akaingia kati. Alisema baba yake asitie sahihi haraka. Nyumba kama ile sasa shirika linaweza kuipanga kwa bei kubwa, na jina la baba bado limo kwenye hati.

“Athumani,” mzee akasema, “thamani ya nyumba ile nilishaila. Wewe mwenyewe ulisomeshwa kwayo. Unataka niile mara ya pili nikiwa naelekea kaburini?”

Athumani alitazama chini. Kesho yake ni yeye aliyemshika baba yake mkono wakaenda kwa hakimu.

Mbele ya hakimu mkataba ulisomwa kwa sauti. Mwinshehe alitia sahihi, na Saumu akatia yake, herufi kubwa zilizopinda kidogo. Walipotoka, mzee aliomba wapitie Ujiji. Alikaa barazani kwa mara ya kwanza tangu auze. Saumu alichemsha kahawa, na kikombe cha pili kikapata mnywaji. Mzee alipapasa ukuta aliousiriba kwa mikono yake, akasema umetunzwa.

Karatasi zilichukua muda, na Saumu alifuatilia bila kuchoka. Hatimaye Dismasi alimwonyesha jina lake, Saumu binti Faridi, limeandikwa na kusajiliwa. Saumu alimwomba amsomee tena. Kisha akatoka nje na hati yake, na furaha ile ikamrudishia huzuni, kwa sababu mtu aliyetaka kumwonyesha kwanza alikuwa Asia. Alipita makaburini akamwambia hapohapo.

Siku hizi, akina mama wa Kibirizi wakitaka kununua nyumba au kiwanja, Saumu huwapeleka mwenyewe kwa Dismasi. Upekuzi kwanza, huwaambia, halafu maandishi, halafu usajili. Pilau haikatazwi.

Mzee Mwinshehe alifariki kabla ya mvua za vuli. Matanga yalipokwisha, ndugu zake Athumani kwa mama mwingine walidai nyumba ya Ujiji iingizwe katika mirathi. Walikwenda ofisi ya ardhi na kuomba upekuzi. Walipoliona jina la Saumu, waliyaacha madai yao. Hakuna aliyekwenda kumgongea Saumu mlango kwa ugomvi.

Athumani peke yake ndiye aliyekuja, asubuhi moja. Alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi, hakujua aanzie wapi. Mwishowe aliuliza kama anaweza kukaa kidogo pale alipokaa baba yake.

“Karibu, mwanangu,” Saumu alisema.

Akaingia ndani, akafungua kabati, akatoa vikombe viwili. Safari hii mkono haukukosea.