Sufuria ya Mama Sebastian na Mashine ya Jua

Mama Sebastian anaishi Momba, bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Kila kiangazi huchota maji ya chemchemi ya chumvi, huyachemsha mpaka yakauke, kisha huuza chumvi. Hata maji ya kisima cha kijiji yana chumvi. Yana chumvi hasa! Ng'ombe akiyanywa asubuhi, jioni maziwa yake yanatiwa kwenye mboga badala ya chumvi.

Watu walishazoea. Lakini mwaka huu Witness, mke wa mwanawe Sebastian, alikuwa na mimba ya miezi sita. Mama Sebastian akamsindikiza kliniki. Nesi alimpima Witness presha, akakunja uso.

"Imepanda. Meza dawa hizi bila kukosa. Na maji ya chumvi uyaache. Ni hatari kwako na kwa mtoto."

Mama Sebastian alirudi nyumbani amekaza kilemba.

"Chumvi naijua mimi! Nitaichemsha mpaka ikimbie."

Akachemsha maji ya kisima asubuhi. Mchana akaongeza kuni. Maji yalipobaki nusu sufuria, akayapooza kidogo, Witness akaonja. Macho yakamtoka.

"Mama, huu ni mchuzi!"

Mara fundi Ketrina akabisha hodi. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kutafuta watu wa kujitolea kujenga mashine ya jua ya kuondoa chumvi kwenye maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe na vioo vyako vya jua? Moto umeshindwa, jua litaweza?"

Ketrina akafunua sufuria. Kifuniko kilikuwa kinadondosha matone. Akayakinga kwenye kijiko.

"Onja, mama."

Mama Sebastian akaonja. Akaonja tena.

"Hayana chumvi!"

"Ndiyo. Mvuke unapanda, chumvi inabaki chini. Umefukuza maji, umefuga chumvi."

Witness akacheka mpaka akashika tumbo.

"Nyamaza wewe," alisema mama mkwe, naye anacheka. "Haya fundi, mashine yako inafanyaje?"

"Jua likipiga paneli, tunapata umeme. Umeme unaendesha pampu. Pampu inasukuma maji kwa nguvu kwenye utando wenye matundu madogo mno. Maji yanapita, chumvi inabaki. Hakuna kuni. Maji matamu tunayaweka kwenye tangi, yatusaidie siku za mawingu."

"Na hiyo chumvi?"

"Inatoka na maji makali, yenye chumvi nyingi. Tusiyamwage shambani, yataua mazao. Tutachimba bwawa, tutandike turubai, jua liyakaushe. Ila chumvi yake haiuzwi wala hailiwi, maana si safi."

"Kukausha maji ya chumvi? Hiyo ni kazi yangu!"

Kesho yake akawakusanya wanawake wenzake wanaopika chumvi, wakaanza kuchimba bwawa. Sebastian na wanaume wakajenga jukwaa la paneli. Mama Sebastian alibeba mawe mengi mpaka punda wa jirani akaona aibu, akajileta mwenyewe kubeba. Bwawa likakamilika kwa siku nne.

Mashine ilipowaka, Witness ndiye aliyekinga kikombe cha kwanza. Tangu siku hiyo alikunywa maji matamu na kumeza dawa zake. Mama Sebastian alifuta vumbi kwenye paneli kila alfajiri, maana paneli chafu haipati jua la kutosha.

Mwezi uliofuata nesi alipima presha mara mbili.

"Imeshuka. Endelea hivyo hivyo, dawa usiache."

Siku zilipotimia, Witness alijifungua salama binti, Eva. Mtoto alilia kwa nguvu hasa. Wanasema kilio kilisikika mpaka Tunduma, na malori yote yaliyokuwa kwenye foleni ya mpakani yakampisha, madereva wakidhani ni king'ora.