Pumzi ya Mnanaa

Tak.

Lenora Pruitt alifumbua macho gizani, mkono tayari juu ya bastola yake ya Glock chini ya mto wa kochi.

Tak. Kifuniko kingine cha kisanduku cha vidonge.

Ni Bi Odessa Tillery tu, jikoni kwake, akijiandalia dawa za presha kabla mji wa Birmingham haujaamka. Lenora akashusha pumzi. Kisha, katika spika ndogo ya sikioni ambayo alikuwa ameizima, akasikia mtu akihema.

Wendell.

Mwenzake huyo wa kazi alikufa majira ya baridi yaliyopita, ngazini, wakimfukuza mtu. "Nipo nyuma yako," alisema. Papo hapo moyo wake ukasimama. Lenora alipogeuka, Wendell alikuwa amelala chini. Tangu hapo hakukanyaga ngazi bila kugeuka.

"Umelala vibaya, mwanangu." Bi Odessa alimfunika mabega kwa blanketi lake mwenyewe. "Mimi sili mpaka wanitoe damu kule kliniki ya utafiti. Wewe nimekupikia."

Uji mzito wa mahindi, siagi ikiyeyuka juu. Majirani waliambiwa Lenora ni mpwa kutoka mji wa Mobile. Bi Odessa alijua ni mtu wa serikali, na hakuuliza zaidi.

Lenora akawasha redio. Ikakwaruza.

"Mnara kwa Shomoro."

"Shomoro hapa," alijibu Lenora.

"Ni leo. Mtu wa genge yumo kliniki, kajifanya mshiriki wa utafiti. Atatia sumu kikombe kimoja. Sura yake hatuna."

"Jina?"

"Hatuna."

"Sasa mna nini?"

"Tuna wewe."

Genge lile lilivusha vidonge bandia vya presha kwa magendo. Utafiti wa kliniki, wa kushusha presha kwa juisi ya bitiruti, ulikuwa unaonyesha matumaini, na matumaini ya wagonjwa yalikuwa hasara kwao. Mshiriki mmoja akifia kitini, utafiti ungefungwa. Bi Odessa alikuwa mmoja wa washiriki hao.

Chumba cha kusubiri cha kliniki kilijaa wazee wenye njaa na midomo inayonuka. Sharti lilikuwa moja, nao walilishika kama amri ya kanisani: hakuna kusukutua kwa dawa ya mdomo. Vijidudu vya ulimini ndivyo vinavyosaidia juisi ya bitiruti kuwa nitriti, na nitriti hulegeza mishipa ya damu. Ukiviua, umeharibu kazi ya watu.

"Hollis, geukia kule," alisema Bi Odessa. "Mdomo wako unanuka kama kiatu kilicholoa."

"Na wako je? Nzi wamekuja kutoka Georgia kuufuata!"

Wote wakacheka, mikono midomoni.

Lenora hakucheka. Alitazama mikono. Mikoba. Viatu.

Hakuna kitu.

Mwanamume wa sweta la kijivu akainuka, akampisha Bi Odessa kiti cha karibu na hita. Akamletea na kikombe chake kutoka kwenye sinia.

"Usihangaike, mama. Kunywa taratibu."

"Ubarikiwe, baba."

Yule mtu akapita mbele ya Lenora. Pumzi yake ikamgusa usoni.

Mnanaa. Baridi. Safi.

Kikombe kilikuwa kimefika mdomoni.

Lenora akakipiga kofi. Juisi nyekundu ikaruka ukutani. Mtu wa sweta alikuwa ameshatoka mlangoni.

Ngazi.

Lenora akaganda juu ya kipandio cha kwanza.

"Nipo nyuma yako," Wendell alisema sikioni.

Shingo ikaanza kugeuka. Chini, hatua za viatu zilikuwa zikififia.

"Najua," Lenora alijibu kwa sauti.

Akashuka bila kugeuka.

Nje, gari jeusi aina ya Dodge lilikuwa likinguruma. Glock ikalia. Tairi likakata roho. Yule mtu akatoka mikono juu.

"Umenijuaje?"

"Umesukutua."

Pingu. Redio.

"Mnara, njooni mchukue mzigo wenu. Na sumu, ipo ukutani."

"Bi Odessa?"

Lenora akasikiliza dirisha la juu. "Anamtukana Hollis."

Aliporudi, bibi alikuwa bado kitini karibu na hita. Hollis alikuwa amevua koti lake na kumfunika magoti, huku akijifanya amesikia joto tu.

"Kwa hiyo mpwa wangu anaondoka," alisema Bi Odessa.

"Ndiyo kazi, Bi Odessa."

Lenora akavaa miwani ya jua. Akashika njia kuelekea mlangoni, taratibu, kama mtu aliyekuja kununua mkate.

"Mwanangu!"

Akasimama.

"Usiku nakusikia usingizini, unamwita mtu. Wendell, Wendell." Bi Odessa hakupandisha sauti. "Jumapili nakaanga kuku. Njoo tena unitembelee. Na yeye mlete."