Kabla ya Mpira Unaofuata

Siku ya soko Kagio haina adabu. Mabroka wa nyanya wanakanyagana, mkokoteni unakugonga kisigino na mwenye mkokoteni ndiye anayekutukana. Katikati ya zogo hilo, nyuma ya lundo la mapazia ya mtumba, Salwa binti Harun alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki: baibui jeusi, mtandio wa manjano, raba za kiume miguuni kwa sababu ya tope, na simu ameiegemeza kwenye bunda la mapazia mbele yake. Salwa hakuwangoja wateja. Wateja ndio waliomngoja yeye.

"Hii pazia ya kijani iko na mwenzake?"

"Ngoja kidogo," alisema bila kuinua macho. "Huyu mtu karibu atoke."

Aliyeuliza aliinama kuitazama simu. Alikuwa mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, kalamu mbili mfukoni. Mwalimu, hilo halikuhitaji kuulizwa. Salwa alitarajia swali ambalo kila mtu Kagio alimuuliza, kwamba huu ni mpira gani wa watu kusimamasimama. Halikuja.

"Ametoka huyo," mwalimu alisema. "Amegusa. Hukusikia?"

"Refa hajainua kidole."

"Refa hakusikia. Mwenyewe amesikia. Ona vile anaangalia viatu vyake."

Hapo Salwa akainua macho.

Kwa msomaji ambaye kriketi haijampitia: mpira ukiligusa gongo la mpigaji, hata kwa kulikwaruza tu, kisha ukadakwa kabla haujafika chini, mpigaji ametoka. Lakini ni lazima refa ainue kidole. Asipoinua, mpigaji anaweza kujikausha, akabaki pale, na sheria ikamlinda. Wako wachezaji, wachache siku hizi, ambao hawangoji kidole. Wakijua wamegusa, wanaliweka gongo kwapani na kuondoka. Kuna mashabiki ambao wameacha kusalimiana kwa sababu ya jambo hilo.

"Sasa ulitaka afanye nini?" Salwa aliuliza.

"Aondoke. Mchezo wa kimataifa huo, watoto wanatazama."

"Mrushaji akikosea na refa asione, yeye huomba msamaha? Kila mtu afanye kazi yake. Kuhukumu ni kazi ya refa."

"Na kujijua ni kazi ya nani?"

Tabby, aliyeuza viatu kibanda cha pili, alishindwa kunyamaza. "Ati mnagombania watu hata hawajui Kagio iko wapi? Salwa, uzia huyu mtu pazia aende."

Aliuziwa, ila moja tu. Mwenzake, Salwa alisema, alikuwa amebaki nyumbani Majengo, Nyeri. Huo ulikuwa uongo mtupu. Pazia la pili alikuwa amelikalia.

Mwalimu huyo, jina lake Muchiri, alikuwa akifundisha hisabati karibu na Kerugoya. Kriketi ilimwingia akiwa darasa la pili, mwaka ule Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kupitia redio ya jirani. Salwa aliirithi kwa baba yake, ambaye utotoni alicheza na watoto wa Kihindi wa mjini Nyeri. Alipopiga simu jioni ile, kwa namba aliyopewa ya kuulizia pazia la pili, mwalimu hakuuliza habari ya pazia.

"Yule mtu wako aliyejikausha amefunga mikimbio mia."

"Na timu yake imeshinda. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo angeondoka, angekuwa mtu mzuri."

"Mwalimu, unanipigia simu kuniambia mtu wa ng'ambo si mzuri?"

"Nakupigia kwa sababu dirisha yangu imefunikwa nusu. Majirani wananiona nikikunywa chai."

"Kunywa upande ule umefunikwa," alisema Salwa, na akakata simu akicheka peke yake jikoni.

Jumapili iliyofuata Muchiri alifika Majengo kulichukua pazia. Hakulichukua. Wala Jumapili ya baadaye. Hoteli ya Mzee Harun iko hatua chache kutoka msikitini, chai ya tangawizi, sambusa, runinga moja ukutani, na Jumapili mchana runinga ile ilikuwa ya kriketi, hata wapenzi wa kandanda walalamike namna gani. Humo watu waligombana. Waligombana juu ya timu zilizokataa kupeana mikono baada ya mchezo, juu ya nahodha aliyemtukana refa, juu ya mrushaji aliyemtoa mtu aliyetangulia kukimbia, bila kumwonya kwanza. Muchiri daima alikuwa upande wa uungwana, Salwa upande wa sheria, na Mzee Harun akiwamiminia chai wote wawili huku akijifanya haoni magoti yaliyokaribiana chini ya meza.

Siku moja mpigaji mmoja alidhani amedakwa, akaanza kuondoka kichwa chini. Kumbe mpira ulikuwa umegusa nyasi. Refa akamkimbilia, akamrudisha.

"Hiyo si haki," alisema Ben, fundi wa pikipiki aliyekuwa hakosi Jumapili. "Ametoka mwenyewe, shauri yake."

"Haki iko," Mzee Harun alisema. "Mtu akiondoka akifikiri ametolewa, na hajatolewa, refa anaweza kumwita arudi. Lakini ni kabla ya mpira unaofuata. Ukisharushwa, basi. Hata kama uwanja mzima umeona kosa."

Muchiri alimwinamia Salwa. "Wewe ungeniita?"

"Ningekuacha uende ukaoge kwanza," alimjibu, "ndio nikuite."

Walipendana, nisikufiche. Muchiri alimwita Salwa refa, naye akamwita mwalimu, na wakikasirikiana waliitana kwa majina yao halisi. Mwalimu aliwahi kumletea mchele wa pishori wa Mwea kwenye mfuko wa shule wenye alama za chaki. Salwa aliupika pilau, akala chungu chote na baba yake, kisha akampigia simu kumweleza harufu yake.

"Na pazia langu?" Muchiri angeuliza kila mara.

"Lichukue."

"Nikilichukua nitarudi na sababu gani, kipenzi?"

Lakini sababu za kutokurudi zilikuwepo tangu mwanzo, na wote wawili walizizunguka kama watu wanavyozunguka dimbwi barabarani. Mama yake Muchiri, Wakonyo, alikuwa mzee wa kanisa, na alishasema angekunywa sumu ya ng'ombe kabla hajakanyaga arusi ya Majengo. Mzee Harun naye hakuwa mtu wa makelele. Alisema mara moja tu, akipangusa meza: "Mwalimu nampenda. Dini inajulikana. Aje aseme mwenyewe." Muchiri alisema atakuja. Akasema baada ya mitihani. Akasema baada ya Krismasi.

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, watu wa Isiolo wakaja. Walimposea Dawud, mfanyabiashara wa vipuri, mjane wa miaka arobaini hivi, mtu mpole asiye na doa. Mzee Harun aliwapokea vizuri, akawapa futari, kisha akamwambia binti yake kwamba neno ni lake, awajibu baada ya Idi.

Salwa alimpigia Muchiri alasiri, akiosha sufuria uani.

"Watu wamekuja kuniposa. Kutoka Isiolo."

Salwa alisikia watoto wa shule wakipiga kelele nyuma ya Muchiri.

"Baba ameniachia mimi," aliendelea. "Nijibu baada ya Idi."

"Ni mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri."

"Sawa," alisema Muchiri. "Nimesikia."

Salwa hakumwambia kwamba moyoni alishawakataa watu wa Isiolo. Hakumwambia kwamba baba yake alishanunua sukari na majani ya chai ya kwenda nayo Kerugoya, akae na Wakonyo wazungumze habari za ng'ombe kabla ya kufika kwenye dini. Alitaka kwanza asikie mwanamume akisema anamtaka. Ni kosa dogo, na mimi nimewajua wanawake wengi waliolifanya wakaishi vizuri. Yeye alilifanya kwa mtu asiyestahimili kungoja kidole.

Simu ilikuja siku ya tatu, saa ya kwenda sokoni. Salwa alikuwa akifunga bunda kwa kamba.

"Salwa, nimefikiria. Mimi nimegusa."

"Umegusa nini?"

"Najijua. Sitaweza kubadili dini mama yangu akiwa hai, na siwezi kukukalisha ukizeeka ukinisubiri. Huyo mtu ni mzuri. Si haki nijikaushe hapo nikikuzuilia. Natoka mwenyewe."

"Nani amekwambia umetoka?"

"Hakuna haja ya kuambiwa. Mtu muungwana..."

"Muchiri, nisikilize. Mimi sijasema kitu bado."

"Ndio usilazimike kusema," alimjibu kwa sauti ya upole kabisa, upole uliomuumiza kuliko matusi. "Nakutakia mema, refa wangu." Akakata.

Alimpigia palepale. Akampigia akiwa Kagio, akampigia baada ya futari, na kesho yake na kesho kutwa. Simu iliita mpaka mwisho, kila mara. Alimwandikia: *Rudi tuongee.* Alama ya kusomwa ikatokea, jibu halikutokea. Mzee Harun aliuliza kama afunge safari Kerugoya hata hivyo, na ile sukari ilikuwa bado kwenye kabati. Salwa alitaka kusema ndiyo. Aliposema, neno lililotoka lilikuwa "Wacha, Baba. Hatuwezi kumvuta mtu ambaye amekataa hata kugeuka." Hasira ilikuwa haijamtoka. Baada ya Idi aliwajibu watu wa Isiolo kwamba amekubali.

Ilikuwa siku nyingine ya soko, mvua za Aprili zimegeuza Kagio uji, aliposikia sauti juu ya kichwa chake.

"Hii pazia ya kijani iko na mwenzake?"

Hakuinua macho upesi. Alipoinua, alizijua kalamu, akalijua shati. Safari hii halikuwa limepigwa pasi. Salwa aliitia mikono yake chini ya pazia alilokuwa akilikunja.

"Tabby alinipata Kerugoya jana," alisema Muchiri. "Amenitukana mbele ya watu."

"Nilimtukana kidogo tu," Tabby alisema kutoka kwa viatu vyake.

"Ati Mzee alikuwa aje kwetu."

"Alikuwa amenunua mpaka sukari."

Muchiri alichuchumaa, tope likamchafua suruali, hakujali. "Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nimeamua kungoja. Hata miaka. Ungekuja ukaniambia dini huwezi, ningelia, halafu ningejua la kufanya. Pengine ningekukataa. Sijui. Lakini ningekukataa mimi."

"Nilifikiri nakupunguzia mzigo."

"Ulijipunguzia wewe. Uliogopa kusimama pale usikie jibu langu, ukaita hiyo uungwana." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Simu zangu uliziona?"

"Zote."

"Sasa mbona hukushika?"

"Mpigaji akigeuka kumwangalia refa ni kama anaomba ahurumiwe." Alilisema, na alipolisikia likitoka kinywani mwake akafunga macho. "Nilikuwa nakaa kitandani naiangalia ikiita. Nakupenda, Salwa. Nimeongea na mama. Hajakubali, lakini amesema Mzee akija atampikia chai. Hiyo ndiyo nimeweza kupata. Nimekuja nayo."

Salwa alilisikia jambo hilo likimwingia kifuani na kutulia mahali ambapo lingekaa miaka mingi. Chai ya Wakonyo. Miezi yote ile hawakuwa wamefika hata hapo.

"Refa si anaweza kumrudisha mtu?" Muchiri aliuliza. "Mzee mwenyewe alisema."

Aliitoa mikono yake chini ya pazia, akaiweka juu ya magoti. Hina ilikuwa imepanda mpaka juu ya vifundo, maua na majani, nyeusi bado kwenye kucha, imeanza kufifia viganjani.

"Ijumaa iliyopita," alisema. "Leo namaliza mali yangu. Kesho nahamia Isiolo."

Muchiri aliitazama ile mikono muda mrefu. Mwanamke mmoja alikuja kuuliza bei ya pazia la maua, akawaona, akarudi nyuma kungoja. Mahali fulani nyanya zilianguka na watu wakafokeana.

"Ni mtu mzuri?" aliuliza tena, kama alivyouliza siku ile.

"Ni mtu mzuri. Kriketi haijui. Anasema ni watu wa kusimamasimama."

Muchiri alijaribu kucheka, uso ukamkatalia. Alisimama, akajipangusa magoti bila kuyasafisha. Salwa aliinama chini kabisa ya bunda, akalichomoa pazia la kijani ambalo lilikuwa limesafiri naye kila siku ya soko kutoka Nyeri na kurudi.

"Shika. Ufunike dirisha lako."

"Lilikuwa hapa?"

"Siku zote. Nilikuwa nimelikalia."

Alilipokea kwa mikono miwili, kama mtu anavyopokea kitu kanisani, akalikunja akaliweka kwapani. Aliondoka akipita katikati ya makreti ya nyanya, mrefu kuliko wote, na Salwa akampa mgongo ili asimwone akiishia. Machozi yalimtoka tu, hakuyazuia.

Yule mwanamke wa pazia la maua akasogea.

"Amesimama," Tabby alisema polepole. "Salwa, amegeuka. Anaangalia huku."

Salwa alijipangusa uso kwa ncha ya mtandio wake.

"Dirisha lako ni pana kiasi gani, mama?" akamuuliza mteja.