Klipu Aliyoirusha Naseem

Kila Alhamisi Naseem alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko zote. Akishakaanga kababu za kupeleka kituo chao cha ibada, Vaughan, alikaa jikoni kwake, ghorofani Scarborough, akarusha dua na klipu kwenye grupu la akina mama. Walikuwa watu wa kwao, wa Tanga, Moshi na Mombasa, waliohamia Toronto. Kitu kikitoka kwa Naseem hakikaguliwi. Kimetoka kwa Naseem, basi.

Naye pia hakukagua. Alhamisi moja alipokea klipu ya watoto waliofiwa vitani. Alitazama mwanzo tu, machozi yakamtoka, akairusha kabla mafuta hayajapoa. Akamrushia na mwanawe Baqir, mwanafunzi wa chuo, ambaye ukimsemesha Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. Mwisho wa klipu palikuwa na kiungo cha kuingilia grupu jingine. Naseem hakufika huko.

Baqir akaanza kubadilika. Mpira akaacha. Chakula akala chumbani. Akamwita baba yake, Anwarali, mwoga, eti kwa sababu anafanya kazi na watu wa dini nyingine. Anwarali akasema ni ujana tu, utapita.

Siku moja Baqir akaomba gari aende Bathurst, barabara kilipo kituo chao. Naseem akafurahi, akidhani anakwenda kituoni. Kijana akasema hapana, anakwenda kupiga picha mlango wa sinagogi na kuona watu huingia saa ngapi. Kuna mtu kamwomba.

"Mtu gani?"

"Wa lile grupu la mwisho wa klipu uliyonitumia wewe, Mama."

Gari hakumpa. Anwarali aliposikia alitaka kuivunja simu ya Baqir, kisha akasema neno lisitoke nje, watu wa kituoni watasemaje. Naseem naye alitamani hivyo hivyo. Lakini kulipokucha alishuka kwa jirani yake Bosibori, Mkenya, mshauri wa vijana. Akasimama mlangoni.

"Ingia, Mama Baqir. Kuna msiba?"

"Nimemtia mwanangu shimoni kwa mkono wangu mwenyewe."

Bosibori alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza. Watu hawa hawaanzi na bunduki. Huanza na huzuni ya kweli. Baadaye wanakwambia wazazi wako ni waoga, sisi tu ndio tunaokuelewa. Wanakuvuta pembeni mzungumze kwa siri. Ndipo inakuja kazi ndogo.

"Picha ni kumpima tu," alisema. "Akiipiga, wamemshika."

Naseem akauliza kama amnyang'anye simu.

"Atapata nyingine, halafu ataamini waliyomwambia juu yenu. Muulize, kisha unyamaze umsikilize. Ujumbe usifutwe, ni ushahidi. Lakini habari ya ule mlango si ya kukaa nayo nyumbani. Watu wanaweza kufa pale. Tutawapigia polisi leo, Baqir mwenyewe akiwepo. Na hiyo klipu, iko kwa nani mwingine?"

Naseem akalikumbuka grupu la akina mama.

Alirudi juu, akaketi sakafuni chumbani kwa Baqir. Hakumhubiria. Alisema aliirusha klipu bila kuimaliza, akaomba radhi. Baqir akamtazama sana. Kisha akajibu, kwa Kiswahili.

"Mimi nilidhani umeiona yote. Nilidhani na wewe unakubali."

Akampa simu. Siku ile ile walizungumza na polisi, Bosibori akiwa kando yao. Tangu hapo Baqir huenda kwa Bosibori kuongea, maana yale aliyoyaona bado yanamuuma. Siku hizi anakula mezani, na baba yake anajifunza kumsikiliza bila kumkatiza.

Kilichobaki jioni ile kilikuwa grupu la akina mama. Naseem alirekodi sauti yake, akafuta, akarekodi tena. Akasema aliirusha bila kuitazama yote, imemfikisha mwanawe pabaya, wasiirushe kwa mtu, wawaulize watoto wao. Hakuna aliyejibu. Akaenda kuosha vyombo.

Simu ikalia. Alikuwa Narjis, yule ambaye kituoni humchambua kila mtu. Leo aliongea chini chini.

"Naseem, mimi niliitazama mpaka mwisho. Nikaona haya kukwambia. Na mwanangu Ahmed yumo mle kwenye lile grupu. Naanzia wapi?"

Naseem akafuta mikono, akavuta kiti.

"Kwanza, usimpigie kelele," alisema.